Maji ya Kilombero Yatoa Umeme: Fungu la Mto Li Wapi?

Leo twataka kusema habari ya maji, na twataka kuisema wazi, maana jambo hili limezungukwa na maneno mengi ya ofisini hata mwananchi wa kawaida amedhani halimhusu. Linamhusu. Linamhusu mkulima wa mpunga wa Mngeta, mvuvi wa Mdamba aliyejenga dungu lake kando ya mto, mama wa Ifakara anayepikia mkaa, na kijana wa Dar es Salaam anayechomelea vyuma kwa umeme ambao hajui umetoka wapi.

Umetoka kwetu. Mto Rufiji una matawi makubwa matatu, nayo ni Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Katika hesabu zinazotumiwa na wataalamu wa bonde, Kilombero peke yake hutia kiasi cha asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji. Kwa hiyo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na nguvu ya megawati 2,115, kwanza hujazwa na maji ya milima ya Udzungwa, ya Njombe, ya Mufindi na ya Mahenge, yanayoteremka yakapita mbele ya nyumba zetu. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari. Sisi tulifurahi pamoja na nchi nzima. Tulikuwa tumechoka na mgao, na tulijua kuwa nchi isiyo na umeme wake itabaki kuuza pamba mbichi na kununua shati.

Basi twauliza swali moja tu. Mto huu umetoa maji. Je, katika fedha za umeme, fungu la mto li wapi?

Kabla ya kulijibu, yafaa tuwaondoe njiani watu wa aina mbili wanaopenda kulizima swali hili.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba habari ya mazingira ni habari ya Wazungu. Kwao mtu akitaja chemchemi, majani ya bondeni au samaki, tayari ni mpinga maendeleo. Tunawajibu hivi: mzee wa Kindamba aliyekataza watu kukata miti penye chemchemi hakufundishwa na Mzungu. Alijua kwamba chemchemi ikifa, kijiji huhama. Tena aliye msahaulifu na aende akaulize habari ya Ruaha Mkuu, maana huko somo lilikwisha kutolewa kwa bei kubwa.

Bwawa la Mtera lilijengwa ili kuweka akiba ya maji ya mtambo wa Kidatu, ambao una megawati 204, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaongezewa mtambo wa megawati 80. Saruji ilikuwa nzuri na mashine zilikuwa nzuri. Lakini huko juu, katika bonde la Usangu, hakuna aliyeulinda mto kwa bidii ile ile iliyotumika kujenga ukuta. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao wazee hawakumbuki kuuona mkavu, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabaki kwenye madimbwi ya tope. Katika miaka ya 1990, na tena mwaka 2006 na mwaka 2011, nchi iliingia katika mgao wa umeme, viwanda vikasimama, mahospitali yakawasha jenereta. Fedha ambazo zingaliweza kulinda Usangu zikatumika kununua mafuta ya kuendeshea mitambo ya dharura. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwanza, kisha tukauacha ufa.

Na tazameni aliyelipa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, wakaambiwa wao ndio waliokausha mto. Ng'ombe walikuwa wengi mno, hilo hatukatai. Lakini wapo watafiti walioonyesha kwamba mashamba makubwa ya mpunga yaliyochota maji hata kiangazi, pamoja na namna maji yalivyofunguliwa kule Mtera, navyo vilikuwa na sehemu yao katika hasara ile. Mwenye fimbo akafukuzwa. Mwenye mfereji hakuguswa. Na wale waliofukuzwa hawakuyeyuka hewani. Wengi walikuja na mifugo yao mpaka Kilombero, na mwaka 2012 operesheni nyingine ikaja kuwaondoa huku. Huko si kutibu ugonjwa. Huko ni kuuhamisha kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Watu wa aina ya pili ni wale walioko mbali, ambao wangependa mito yetu ikae kama picha ukutani. Kabla ya jiwe la msingi la bwawa la Rufiji kuwekwa tarehe 26 Julai 2019, mashirika kadhaa ya hifadhi ya nchi za nje yalipiga kelele ili kazi isianze. Baadhi ya hoja zao zilikuwa na maana na zilistahili jibu la kitaalamu. Lakini hatukubali mtu ambaye nchi yake imeshafunga kila mto, aje kutuambia kwamba gizani ndiko mahali petu. Norway hupata karibu umeme wake wote kutokana na maji. Uswisi imejaa mabwawa milimani. Hakuna aliyewaambia wabaki na mishumaa kwa ajili ya mbuzi wa porini. Mwafrika naye ana haki ya kuutumia mto wake, na haki hiyo haiombwi kwa mtu yeyote.

Tukisha kuwaondoa hao wote, linabaki jambo lenyewe, nalo ni la hesabu tu. Bonde la Kilombero ni sehemu ya mtambo. Mhandisi akichora mtambo huchora ukuta, mabomba na mashine. Hakuchora majani ya Kilombero, lakini yamo. Mvua za masika zikinyesha milimani, maji hujaa katika tambarare yetu, huenea juu ya majani, hutulia, huacha tope lake, kisha huteremka polepole mpaka miezi ya kiangazi. Tope hilo ndilo linalotupa mpunga bila mbolea ya dukani. Maji hayo yaliyotulia ndiyo mahali kambale na perege wanapozaliana. Na mwendo huo wa polepole ndio unaolipa bwawa maji wakati mvua zimekwisha. Ukiikwangua milima, ukalima mpaka ukingoni, ukachimba mifereji ya kulikausha bonde, maji yatakuja yote kwa mara moja yakiwa mekundu, yatafurika Ifakara, yatapeleka mchanga bwawani, halafu Oktoba mto utakuwa hauna kitu. Bwawa linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Ni kweli ni kubwa. Lakini mchanga hauna haraka, na ukuta hauwezi kuuzuia usiingie.

Sisi watu wa Ifakara hatuhitaji kusomewa kitabu ili tulijue jambo hili. Tunauona Mto Lumemo unavyoshuka kutoka Udzungwa na kuingia mjini mvua zikizidi. Mwaka 2024 mafuriko yalipiga juu na chini, huku Kilombero na kule Rufiji. Kule Rufiji wananchi waliuliza habari ya bwawa, Serikali ikajibu kwamba ni mvua za El Niño. Hatutaki kuamua shauri hilo hapa. Twasema tu kwamba mtu anayeishi chini ya bwawa ana haki ya kuambiwa mapema, kwa lugha anayoielewa, maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani. Mto ule ukitoka bwawani haujaisha kazi. Una mashamba, una maziwa madogo ya uvuvi, na una msitu wa mikoko wa Delta ya Rufiji, ambao hakuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kuupita katika Afrika Mashariki yote.

Tena katika bonde letu wenyewe tunao mfano mwingine, nao ni Kihansi. Mto Kihansi huruka kutoka ukingo wa Udzungwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ukajengewa mtambo wa megawati 180 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wengine. Maji yalipoingizwa kwenye handaki, maporomoko yakakatika, na ule mvuke wa maji uliolowesha korongo ukatoweka. Humo korongoni alikuwamo chura mdogo ambaye huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi umekwisha anza. Mwaka 2000 chura mia tano kasoro mmoja walipelekwa Marekani ili wasipotee kabisa. Korongoni zikafungwa bomba za kunyunyizia maji. Kisha ukaingia ugonjwa wa ukungu, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wataalamu wakaanza kumrudisha.

Wapo waliocheka: ati nchi nzima inahangaika na chura! Sisi hatucheki, wala hatulii kwa ajili ya chura peke yake. Tunatazama mwenendo wa kazi. Mkataba ulitiwa saini kwanza, mashine zikaagizwa, handaki likachimbwa, kisha ndipo watu wakakaa mezani kuulizana mto ubakiziwe maji kiasi gani. Kila tone lililobakizwa mtoni baada ya hapo lilionekana kama hasara iliyoibiwa kwenye mtambo. Laiti swali hilo lingaliulizwa mwanzoni, jibu lingaliingia katika hesabu kama saruji na nondo zilivyoingia. Kihansi inatufundisha kwamba haki ya mto ikichelewa huwa ghali, tena huwa nusu.

Na sasa mito mingine inangoja. Ruhudji, ambao ni mmoja wa mito inayouzaa Kilombero, umekuwa ukipangiwa mtambo wa megawati 358. Mnyera nao una mipango yake. Hatuipingi mipango hiyo. Lakini kila mradi umekuwa ukipimwa peke yake, kana kwamba huo ndio mto wa pekee Tanzania. Huyu anataka umeme wa Ruhudji, yule anataka shamba la umwagiliaji huku bondeni, mwingine anataka kupanda mikaratusi penye vyanzo, na mwingine anataka miwa. Kila mmoja huonyesha kwamba yeye atachukua kidogo tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Ni haki pia kusema yaliyofanyika. Tambarare ya Kilombero iliandikwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, hekta 796,735. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka Bodi za Maji za Mabonde na jumuiya za watumia maji. Mwaka 2023 ukatangazwa mpaka wa Pori la Akiba la Kilombero. Karatasi tunazo za kutosha. Lakini sheempu ya sheria haishiki mto. Watu ndio wanaoushika. Mnyama sheshe, ambaye Kilombero ilikuwa ndiyo makao yake makuu duniani, amepungua sana katika bonde hili hili lililojaa vibao vya hifadhi. Mpaka uliochorwa bila wenye mashamba kukubali huwa mpaka wa ugomvi, na penye ugomvi hakuna anayelinda. Mwenye kuogopa kufukuzwa kesho hapandi mti leo.

Ndipo tunaporudi kwenye swali la fungu. Mzalishaji wa umeme hulipa ada ya kutumia maji, na Bodi ya Bonde hupokea. Hilo ni jambo jema. Lakini muulizeni mwenyekiti wa kijiji chochote kilicho chini ya Udzungwa: katika ada hiyo, kijiji chenye chemchemi kimepata nini? Mwanakijiji akiambiwa asilime penye chanzo, anapoteza magunia ya mpunga mwaka huu huu. Faida ya kutolima kwake inasafiri kwa waya mpaka mjini. Ukimkamua ng'ombe lazima umlishe, na hakuna mfugaji anayeliita jambo hilo sadaka.

Wala hili si ndoto. Jirani zetu wa Kenya walifika hapo. Mto Tana una mabwawa ya umeme na unainywesha Nairobi, nayo mashamba ya milimani yalikuwa yakimwaga udongo mtoni. Mwaka 2015 ukaanzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambamo watumiaji wakubwa wa maji, likiwamo shirika la umeme la KenGen, hushirikiana na wakulima wa milimani kuweka matuta, kupanda miti na majani, na kuvuna maji ya mvua. Mkulima akapata faida shambani mwake, nalo bwawa likapunguziwa tope. Ikiwa wao wameweza, sisi twashindwa nini?

Basi haya ndiyo tunayodai.

Kwanza, fungu maalumu la mapato ya umeme wa maji litengwe kwa sheria, lirudi kwenye vyanzo na bondeni, na hesabu yake ibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji, shilingi kwa shilingi, ili kila mtu aisome.

Pili, kabla ya mkataba wa Ruhudji au wa mto mwingine wowote, bonde zima lipimwe pamoja, na kiasi cha maji yatakayobaki mtoni kiamuliwe na kutangazwa kabla ya saini. Tusirudie Kihansi.

Tatu, mipaka ya hifadhi, mashamba na malisho ipangwe katika mikutano ya vijiji, na kila anayeondolewa ajulishwe kwanza anakwenda wapi. Na kipimo kiwe kimoja: mfereji wa shamba kubwa upimwe kama mfereji wa mkulima mdogo.

Nne, umeme uwafikie wanaoulinda mto, tena kwa bei inayomwezesha mama kuupikia. Serikali imetangaza mwaka 2024 kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Twaunga mkono. Lakini mama anayesikia mlio wa maji yanayokwenda bwawani, huku ananunua mkaa uliokatwa kwenye kilima kile kile kinachotoa maji hayo, ametendewa kichekesho.

Hayo ni ya Serikali. Sasa tuseme ya kwetu wenyewe, maana chama kisichoweza kujisema hakifai kumsema mtu.

Ndugu zetu, wapo miongoni mwetu wenye kadi mfukoni wanaouza mashamba ya ukingoni usiku na kuhutubia habari ya miti mchana. Wapo viongozi wa vijiji waliokaribisha mifugo isiyo na idadi kwa malipo yasiyo na stakabadhi. Wapo wenye malori ya mkaa ambao majina yao kila mtu anayajua, na hakuna anayethubutu kuyataja mkutanoni. Watu hao ni kupe wa mto. Hatuwezi kudai fungu letu kwa wakubwa ilhali tunaiba fungu la mto sisi wenyewe. Kila tawi na liulize katika mkutano wake ujao: ni nani analima ndani ya mita 60? Kama ni maskini asiye na mahali pengine, atafutiwe. Kama ni kiongozi, atoke kwanza, hadharani, ili wengine waone.

Na wale wenzetu wa mijini wasiojua Kilombero iko upande gani, tunawaomba jambo moja. Mkiwasha taa jioni ya leo, kumbukeni kwamba mto unaoiwasha una watu, na watu hao hawaombi kushukuriwa. Wanadai mto wao urudishiwe sehemu ya kile ulichotoa, ili mwaka kesho na miaka hamsini ijayo uwe bado na cha kutoa.

Tumepata bwawa. Sasa tuutunze mto, maana bwawa bila mto ni ukuta tu.